Mchanga Usiofika Baharini

Jumatano: Dar es Salaam hadi Dodoma

Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, na mdogo wake wa mwisho anaolewa Jumamosi hii, kabla Ramadhani haijabisha hodi. Mke wangu amejifungua majuzi, safari haiwezi, basi nimetumwa mimi: nifikishe mchango, niwasalimu wakwe, nile pilau, nirudi. Kwenye begi nimeweka kanzu, doti mbili za kanga za mama mkwe, na daftari la makadirio, maana kazi haijui harusi.

Kazi yenyewe ni hii. Nina mteja mwenye nyumba ufukweni, kaskazini mwa jiji, imekaa juu ya gema, yaani ule ukingo mkali wa udongo mwekundu unaoishia baharini. Anasema alipohamia, kutoka barazani hadi ukingoni zilikuwa hatua ishirini na mbili. Mwezi jana nilizihesabu mwenyewe, nikapata kumi na nne. Mvinje mmoja umeshaanguka, umelala kichwa chini huko kwenye mawimbi. Anataka ukuta. "Nizuilie bahari, fundi," ndivyo alivyoniambia, na mimi ni fundi wa kuta, sikubisha. Nimeshapiga hesabu: mawe, saruji, nondo, kokoto, mchanga tripu nane.

Kuhusu mchanga niseme mapema, nisije nikaonekana msafi. Ujana wangu wa Kunduchi niliula kwa koleo. Alfajiri tunashuka mtoni, watu wanne kwa fuso moja, tunachota hadi jua linapokaza, tunalipwa kwa tripu. Wazee walikuwa wanalalamika kwamba bahari inakula ufuko. Hoteli ya Africana, iliyokuwa fahari ya pwani ile, ilikuwa imeshaliwa. Sisi tuliona bahari ina hasira zake, basi. Kama kuna mtu alituambia kwamba mchanga wa ufuko ule unaletwa na vile vijito tulivyokuwa tunavikwangua, hatukumsikia. Tuliudaka njiani tukaupeleka mjini kujengea vyumba vya kupanga. Wenzetu wengine huku nyuma walikuwa wanavua kwa baruti, wanapasua matumbawe ambayo ndiyo yanayovunja nguvu ya wimbi kabla halijafika nchi kavu. Tuligawana kazi bila kujua.

Treni ya SGR imeondoka kwa wakati. Hadi Morogoro nimelala. Nimeamka Kilosa, treni inaingia mahandakini na kutoka, masikio yanaziba yanazibuka. Baada ya hapo tunafuata bonde, na chini kuna mto wenye rangi ya chai ya maziwa. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja wa Mpwapwa, amesema ule ni Kinyasungwe, na kwamba reli ya zamani, ile ya Mjerumani, mto umekuwa ukiichezea kati ya Kilosa na Gulwe kila mvua zikizidi: unaifukia mchanga huku, unaifukulia tuta kule. Nimetazama dirishani mpaka shingo ikauma. Maji ya Kinyasungwe yanatoka huko huko Dodoma tunakokwenda, yanashuka yanakuwa Mkondoa, yanaingia Wami, na Wami inamwaga baharini karibu na Saadani. Kwa hiyo ule udongo niliouona ukipita chini ya daraja ni shamba la Mgogo fulani lililo safarini kwenda pwani. Lingine halitafika, litazama njiani kwenye bwawa au bondeni.

Jioni Dodoma. Upepo mkavu, ingawa ni msimu wa mvua. Nimelala kwa rafiki, fundi mwenzangu, aliyehamia huku serikali ilipohamia.

Alhamisi: Dodoma hadi Kolo

Asubuhi rafiki amenipitisha anakojenga, mtaa mpya mlimani. Viwanja vimepimwa vizuri kwenye karatasi, barabara zimechongwa na greda moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kama mtu anayechana nywele. Mvua mbili zimetosha. Katikati ya barabara kuna korongo linalonifika magotini, na ng'ambo kuna nyumba ya mtu ambayo msingi wake unaonekana mpaka mawe ya mwisho. Nimemuuliza kwa nini barabara haikuzungushwa mlima. Amecheka: "Ingekula viwanja."

Mchanga wanautoa kwenye mito ya msimu nje ya mji. Mji unakua, mchanga unakwenda. Sikumhubiria, ningeanzia wapi?

Dodoma hii inajua habari za udongo kuliko miji mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, Sweden, walipima mabwawa manne ya jirani hapa, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, waone tope linajaa kwa kasi gani. Njia yao inaeleweka hata na fundi: bwawa ni ndoo iliyowekwa chini ya mteremko, pima tope lililomo ujue mlima umepoteza nini. Ndoo zilikuwa zinajaa haraka.

Saa tano nimepanda basi la Kondoa. Barabara ni mkeka mtupu, ile ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa 2018. Makutupora, Mayamaya, mibuyu, mashamba ya uwele na alizeti, ng'ombe wembamba. Baada ya Kondoa mjini milima inasogea, na udongo unabadilika rangi, unakuwa mwekundu kama ule wa gema la mteja wangu. Nimeshuka Kolo saa kumi, shemeji amenipokea na bodaboda.

Kwa wakwe. Shikamoo nyingi, macho chini. Mlenda, ugali wa uwele, kuku. Baba mkwe hajasema mengi, ila ameuliza safari, ameuliza mjukuu, kisha ameuliza: "Na huko kwenu bahari hajambo?"

Ijumaa: Kolo

Baada ya swala ya Ijumaa baba mkwe ameniambia nivae viatu vya kufunga. Tumetoka wawili, yeye na fimbo, mimi na chupa ya maji, tukashuka nyuma ya boma hadi ukingoni mwa korongo.

Nimeona makorongo mengi, hili si korongo. Ni chumba kisicho na paa. Kina chake ghorofa mbili na ushee, upana wake lori mbili zinapishana, kuta zake zimesimama wima na zina michirizi kama mshumaa ulioyeyuka. Chini kabisa, ajabu, ni kijani: nyasi, miti ya migunga, na mahali fulani mtu amepanda miwa. Juu ukingoni kuna mti mzee ambao nusu ya mizizi yake iko hewani. Baba mkwe ameweka fimbo chini ya mizizi, akaipitisha bila kugusa udongo, akaniangalia. Mti haukupanda juu, ardhi ndiyo iliyoshuka. Nimepima kwa mkono wangu kutoka shingo ya mti hadi ardhi ya sasa, nikapata dhiraa moja na shibiri.

Pembeni kidogo kuna kitu kidogo zaidi, ambacho kimenikaa akilini kuliko korongo lenyewe. Kwenye uwanda mtupu usio na jani kulikuwa na vijiwe, kila kimoja kimesimama juu ya kinguzo cha udongo chenye urefu wa kidole. Mamia. Kama uyoga. Kila kijiwe kimekinga udongo wa chini yake na matone ya mvua, na udongo wa jirani usio na mwavuli umepigwa ukaondoka. Ndivyo kazi inavyoanza, si kwa mto unaonguruma, ni kwa tone. Tone linapiga, chembe inaruka, na kwa kuwa ni mteremko chembe inatua chini kidogo ya ilipokuwa. Nyasi zikiwepo tone linatua kwenye jani.

"Mimi nilikuwa na ng'ombe thelathini na nne," baba mkwe amesema, "siwataji mbuzi."

Hadithi yake na hadithi ya mahali hapa ni moja, nitaichanganya. Milima ya Irangi ni mwamba uliooza, una udongo mzito, laini, unaokatika kama ugali wa moto. Karne ya 19 misafara ya pembe ilipita Kondoa, ikataka chakula, mashamba yakapanda milimani. Enzi za Mwingereza watu waliamriwa kufyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kukaa, na vichaka vikaondoka na mbung'o wao. Watu wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, moto wa kila kiangazi, njia za ng'ombe kwenda majini zikawa mifereji, mifereji ikawa makorongo. Mwingereza akalazimisha matuta, watu wakayachimba mchana na kuyalaani usiku. Kufikia uhuru, sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa nyekundu tupu.

Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ukaanza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa fedha za Sweden. Baba mkwe, kijana wakati huo, akapata kibarua cha kuchimba matuta na kupanda miti. Matuta hayakutosha. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, zaidi ya themanini elfu, wakaondoka.

Ng'ombe wake baba mkwe aliwapeleka kwa mjomba, tambarare, nje ya mpaka. Siku mbili kwa miguu. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa. "Asubuhi ya tatu," amesema, "niliamka nikasubiri kengele. Unajua kengele ya ng'ombe? Nikasubiri. Nikakumbuka." Mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa bibi harusi wa miezi minne, alilia maziwa. Watoto walikunywa chai kavu miaka.

Nilitaka kuuliza kama ilikuwa haki, lakini mkwe haulizwi hivyo. Nikauliza nyasi zilirudi lini.

"Mwaka huo huo."

Akanyanyua fimbo akanionyesha mlima wa mbele, wenye msitu wa miombo wa kijani kibichi. Mimi nilidhani ulikuwa hivyo tangu Nuhu. Amesema akiwa kijana pale palikuwa kama kiganja cha mkono. Hakuna aliyepanda sehemu kubwa ya miti ile, mashina yalikuwa yamelala chini ya udongo yakisubiri kwato zipite. Kwa hiyo tunatembea, fundi wa kuta na mchimba matuta, na mimi najiuliza ni kuta ngapi nilizojenga mahali ambapo pangetosha kuondoa mguu.

Kurudi nyumbani ameuliza kazi. Nikamweleza gema, nyumba, ukuta, nikachora kwa kijiti. Amechutama akautazama mchoro muda mrefu.

"Maji ya paa yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.

Jumamosi: harusi

Harusi imekwenda vizuri. Pilau, vigelegele, mchango umepokelewa kwa heshima, kanga zimependeza. Bwana harusi ni mwalimu, mpole, anatoka jasho kama tulivyotoka sote.

Jambo moja la kuandika. Meza yetu alikaa bwana shamba mstaafu, mzee mcheshi mwenye kofia ya kufuma. Nikamsifia HADO na kuwashutumu ng'ombe, nadhani nilizidisha, kwa sababu alinikatiza. Amesema wataalamu waliopima umri wa mchanga uliolala mabondeni wamekuta milima hii imekuwa ikimomonyoka kwa vipindi kwa maelfu ya miaka, kuanzia zama ambazo hapa hapakuwa na jembe wala ng'ombe, hali ya hewa ilipokuwa inabadilika. Binadamu alikuta mlima wenye kidonda cha zamani, akakikwaruza. "Ukisema ng'ombe peke yake," amesema, "utawafukuza ng'ombe, na siku mvua ikija kubwa utabaki kushangaa." Pia amesema mradi ulikoma katikati ya miaka ya 1990, na kwamba kabla ya hapo wataalamu walishakubali ng'ombe wachache wa maziwa warudi, wakifungiwa bandani na kukatiwa majani. Baba mkwe anao wawili, kumbe. Nilikuwa nimekunywa maziwa yao tangu Alhamisi bila kuuliza yametoka wapi. Banda liko nyuma ya nyumba, na majani ya tembo yamepandwa juu ya matuta yale yale yaliyolaaniwa na babu zake: yanashika udongo, yanalisha ng'ombe, samadi inarudi shambani.

Nikafikiria bahari kwa mtindo wa bwana shamba. Gema nalo lingekatika hata mteja wangu asingezaliwa, wimbi halina kazi nyingine. Swali ni kasi, na nani ameishikilia pedali.

Usiku mvua imeanza. Mabati yanapiga ngoma, taarabu imezimwa.

Jumapili: Haubi, na korongo likiwa hai

Saa kumi na mbili asubuhi baba mkwe amenigongea. "Vaa, twende ukalione likifanya kazi."

Mvua ilikuwa imekatika, korongo lilikuwa ndiyo kwanza linaamka. Kwanza unasikia, sauti kama watu wengi wanakwangua sufuria. Kisha maji mekundu yamepinda kona, si mengi, ya magotini, lakini yalikuwa yamebeba. Chini ya maji mchanga unaserereka pamoja nayo, unaona mawimbi madogo yamesimama mahali pamoja huku kila kitu kinapita. Nilitaka kujua ukuta unaangukaje. Nilidhani maji yanautafuna kwa chini tu, kama wimbi la bahari. Yanatafuna, ndiyo. Lakini bonge kubwa kuliko yote tulilolishuhudia halikuguswa kabisa na maji ya chini. Ukingoni juu kulikuwa na ufa, mwembamba, unaokwenda sambamba na korongo, na maji ya mvua kutoka kwenye njia ya miguu yalikuwa yanaingia ndani yake taratibu, bila kelele, kama mtu anajaza chupa. Baba mkwe akanivuta mkono nyuma. Dakika kama kumi. Kisha kipande cha ardhi chenye ukubwa wa gari kikainama polepole, kwa adabu, kikaenda. Vumbi halikuwepo, kishindo tu, na harufu ya udongo mbichi.

Mwili ukanisisimka, kwa sababu ule ufa naujua. Upo kwenye bustani ya mteja wangu. Mwezi jana nilipohesabu hatua niliuona katikati ya majani, unaopokea kidole changu chote cha shahada, ukifuata ukingo. Nikaukanyaga ukajifunika. Na bustani ile inamwagiliwa asubuhi na jioni. Na shimo la maji machafu, nililolichimba mimi na vijana wangu, liko kati ya nyumba na ukingo, kwa kuwa upande wa mbele alitaka maegesho. Na mabomba ya paa yanamwaga pembeni mwa baraza. Kwa hiyo udongo ule unanyweshwa mwaka mzima, unakuwa mzito na laini kwa wakati mmoja, wakati mizizi ya vichaka vilivyokuwa vinaunywa maji na kuushona imekatwa ili bahari ionekane vizuri kutoka sebuleni. Bahari inakula miguu ya gema, sisi tunalisukuma kichwa. Ukuta wangu ungelinda miguu, na maji ya nyuma yasiyo na pa kutokea yangeusukuma huo ukuta wenyewe mpaka ulale.

Mchana shemeji amenipakia hadi Haubi, juu milimani. Njia ni ya kokoto na utelezi, nimeshuka mara tatu kusukuma. Ziwa Haubi limelala kwenye bakuli la milima, kimya, maji ya rangi ya kahawia upande unaopokea vijito. Ni ziwa changa, wazee wanasema hivyo na wataalamu waliochimba tope lake wanasema hivyo. Tope lile ni milima ya pembeni, ukurasa juu ya ukurasa. Nimekaa kama nusu saa. Watoto walikuwa wanachunga ng'ombe watano ufukweni, ng'ombe ambao sikuuliza wanaruhusiwa au la.

Tulikuwa tumepanga kupitia na michoro ya mapangoni, ile ya Kolo iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, jua likatuwahi. Tumefika pango moja tu la Mongomi, kwa mbio, na mwongozaji aliyetaka kufunga. Watu wembamba wekundu, vichwa vikubwa, wamesimama kwenye mwamba. Mwamba haumomonyoki haraka, nadhani ndiyo sababu bado wapo.

Usiku nimemuuliza baba mkwe mchanga wote ule wa korongoni unaishia wapi. Nilitegemea aseme baharini, kwa vile niliona Kinyasungwe. Amecheka. Maji ya huku yanashuka Mto Bubu, na Bubu unaishia mbugani Bahi, hauna mlango. Mchanga wa Kondoa hauendi popote. Umekaa bondeni, umefukia mashamba mazuri ya wazee, umepanua mito mpaka ikawa mipana isiyo na maji. "Sisi mchanga umetuzidi," amesema, "nyinyi mnasema umewapungukia. Mngekuja kuchukua."

Nikamwambia tungekuja, ila nauli.

Jumatatu: Kolo hadi Dodoma, na treni

Nimeaga saa kumi na mbili. Mama mkwe amenifungia karanga, asali chupa moja, na samli ya mjukuu ambaye hana hata jino. Baba mkwe amenisindikiza hadi barabarani, hajasema lolote kuhusu udongo. Amesema nimsalimie binti yake.

Kwenye basi nimefungua daftari. Nimefuta ukurasa wa ukuta nikaanza upya. Mabomba ya paa yakusanywe, yapelekwe upande wa barabara. Shimo la maji machafu lihamishwe mbele, maegesho yasogee. Kumwagilia bustani kukome, majani yang'olewe, ukingoni virudishwe vichaka vya pwani na nyasi zenye mizizi mirefu, watu wasipite pale. Ufa uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, wala si zege. Chini, mawe makubwa yaliyopangwa kwa mteremko, yenye kupitisha maji, badala ya ukuta uliosimama wima, maana ukuta wa wima unalirudisha wimbi na nguvu zake, na linaporudi linachota mchanga wa mbele yake. Na kusiwe na ngazi ya zege inayotokeza baharini kama ya jirani, ambayo tangu ijengwe upande mmoja una ufuko mzuri na upande wa pili, ambao ni wa mteja wangu, pamebaki mawe matupu.

Mteja amepiga simu tukiwa Mayamaya. Nimemweleza. Alisikiliza hadi kwenye maegesho.

"Fundi, mimi nimekuomba ukuta."

Nikamwambia ukuta upo, ila unaanzia juu ya paa. Akanyamaza. Kisha akauliza bei ya mabomba, nikaona hiyo si dalili mbaya. Tumekubaliana nikifika tukae.

Sasa treni inashuka kuelekea Kilosa, giza limeingia, Kinyasungwe siuoni tena. Hesabu imekaa vizuri, imepungua hata saruji. Umebaki mstari mmoja ambao nimeuandika na kuufuta mara mbili. Hata mawe yakipangwa vizuri, kuna msingi wa chini wa kuyashikilia yasiserereke, kuna chemba mpya, kuna sakafu ya maegesho. Mchanga, tripu tano. Najua utatoka wapi. Dereva wa fuso nitakayempigia nilichota naye pamoja, na namba yake ninayo kichwani.